Upepo Uliofungwa Ruyaga

Biharamulo
Agosti 5, 2024

Mzee Privatus, shikamoo.

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini wewe na Mama Clotilda hamjambo huko Ruyaga, na Esperansia pia. Nilipokuja Aprili kukagua mlingoti wetu wa kupimia upepo, binti yenu huyo alinikaribisha uji wa ulezi, tumbo lake ndiyo kwanza linaanza kuonekana. Nadhani sasa siku zake zimekaribia, au ameshajifungua kabisa na hamniambii! Nipeni habari nilete zawadi.

Kadi ya kumbukumbu za upepo uliyoituma kwa basi imefika salama. Nimeifungua kwenye kompyuta na kuna kitu kinanisumbua. Katikati ya Julai, siku kadhaa mfululizo, vile vikombe vya juu ya mlingoti havikuzunguka hata kidogo. Upepo sifuri. Mzee wangu, Ruyaga? Kiangazi? Mimi kofia yangu iliruka kutoka hapo kilimani ikaenda zake upande wa Rwanda na sijaiona tena.

Nakusumbua kwa sababu hesabu yangu yote imekaa juu ya kilima chenu. Laini inayoleta umeme kwenye kituo chenu cha afya ni ndefu, na kule mwishoni umeme unafika umechoka. Ikikatika popote njiani, ninyi mnakuwa wa kwanza kukaa gizani na wa mwisho kuona taa. Mitambo ya upepo ikisimikwa Ruyaga, mwisho ule wa laini utapata pa kushika. Lakini wanaoendesha laini hawawezi kuegemea upepo wasioujua. Lazima niwape utabiri, kwamba kesho saa fulani upepo utatoa umeme kiasi hiki, keshokutwa kiasi kile. Na utabiri naujenga kwa yale ambayo upepo umeshayafanya. Kama Ruyaga inaweza kunyamaza siku zote hizo wakati wa kiangazi, basi utabiri wangu hauna miguu, na kikao cha kuchagua kilima ni Oktoba.

Hebu nieleze, wewe uliyekuwepo uliona nini? Na mbona simu hupokei?

Mimi binti yako,
Jovitha

*

Ruyaga, Ngara
Agosti 14, 2024

Binti yangu Mhandisi Jovitha,

Milele amina, na marahaba.

Sisi tupo. Maharage tumeshapura, si mabaya. Clotilda anakusalimu na anasema kofia yako ikipatikana huko Rwanda itabidi ipite forodhani Rusumo kama mizigo ya watu wengine, kwa hiyo uwe na subira. Habari ya simu, huku juu inashika ukisimama juu ya jiwe moja tu pale bondeni, na mimi si mbuzi. Acha tuendelee na barua. Kondakta wa basi ananifahamu, hazipotei.

Umeuliza upepo wa Julai. Upepo ulipumzika. Hata watu hupumzika. Ulichokiona kwenye kompyuta ni kweli, vikombe havikuzunguka, andika hivyo hivyo. Sina la kuongeza.

Esperansia yupo nyumbani. Usijisumbue na zawadi.

Ni mimi,
Privatus

*

Biharamulo
Agosti 23, 2024

Mzee Privatus, shikamoo.

Nimesoma barua yako mara nyingi, na nasema kwa heshima yote: si kweli.

Pale juu kuna vifaa viwili. Vikombe vinapima nguvu ya upepo. Kishale kilicho chini yake kinaonyesha upepo unatoka wapi. Siku zile vikombe vilikuwa vimekufa ganzi, lakini kishale kilikuwa kinageuka asubuhi huku, alasiri kule, kama kawaida yake. Upepo uliopumzika haugeuzi kishale. Upepo ulikuwepo, Mzee. Kuna kitu kilivizuia vikombe.

Nimemwonyesha mkuu wangu, Mhandisi Danstan. Anasema kifaa kilichosimama bila sababu kujulikana, halafu kikaanza tena chenyewe, hakiaminiki kwa siku zile na hakiaminiki kwa mwaka mzima. Anataka tuiache Ruyaga, tuchukue kile kilima cha Nemba. Upepo wa Nemba ni wa wastani, na laini ya pale haina shida yoyote ya kusaidiwa. Lakini takwimu zake ni safi, na kikaoni kinachotazamwa ni usafi.

Kama kuna mtu alichezea mlingoti, niambie. Kama hukuwepo, ulishuka Rusumo kupiga soga na madereva wa malori, niambie pia, nitaelewa. Nisichoelewa ni mtu mzima niliyemwamini kunificha. Tulikuachia kazi moja tu, kuangalia vikombe vizunguke. Imekushindaje?

Jovitha

*

Ruyaga
Agosti 31, 2024

Jovitha,

Barua hii naandika mimi Clotilda, na Privatus hajui.

Wewe binti! Ulikula uji wa nyumba hii, ukalala kitanda cha nyumba hii, leo unamwandikia mume wangu kama anayemwandikia kibarua aliyeiba saruji? Rusumo! Tangu Juni hajashuka hata Benaco kununua chumvi. Mlingoti wenu huo anaushughulikia kuliko viatu vyake vya Jumapili. Mvua ikinyesha anatoka kuutazama, jua likiwaka anatoka kuutazama, mimi mke wake nikiugua sijui kama angetoka.

Barua yako aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Akaikunja, akaenda kukaa nyuma ya nyumba kwenye migomba, na chakula hakukigusa. Nikamuuliza, nini? Akasema, mtoto ana haki ya kuuliza. Ana haki! Mimi ningekuchapa.

Sasa sikia. Kuna jambo lilitokea hapa nyumbani Julai. Kwetu jambo la namna hiyo halitajwi, na mimi sitalitaja. Halina aibu yoyote. Tunanyamaza kwa ajili ya mtu mmoja humu ndani ambaye bado ni kijana na bado ana miaka ya kuzaa. Wazee walisema ukilitaja unalifunga tumbo. Wewe ukaandika ulete zawadi. Tulipokuwa tunaisoma ile barua yako ya kwanza kwa sauti, Esperansia aliinuka akaingia ndani, hakutoka mpaka kesho yake.

Wewe ni mwanamke na umesoma. Jijazie mwenyewe.

Clotilda

*

Biharamulo
Septemba 6, 2024

Mama Clotilda, shikamoo. Mzee Privatus, shikamoo.

Nimeelewa, na nimeona aibu mpaka nimeshindwa kuingia ofisini asubuhi barua ilipofika. Nisameheni. Esperansia namwandikia pole. Najua haisemwi, lakini mniruhusu niiandike mara hii moja.

Mzee, ya nyumbani sitayauliza tena. Nakuomba neno moja la kilimani tu. Kama ni mkono wako uliosimamisha vikombe, niandikie hivyo na uweke saini. Kifaa kilichosimamishwa na mtu anayejulikana, kwa sababu inayojulikana, kinabaki kuwa kifaa kizima. Nitaziondoa siku zile peke yake na mwaka wote uliobaki utaaminika. Bila neno lako Ruyaga inaanguka, Nemba inachukuliwa, na kituo chenu cha afya kinabaki pale pale mwisho wa laini. Danstan amenivumilia hadi mwisho wa mwezi huu.

Ukiona huwezi, sitakulaumu. Nimeshalaumu vya kutosha.

Jovitha

*

Ruyaga
Septemba 17, 2024

Binti yangu Jovitha,

Ni mkono wangu.

Nilitaka kuishia hapo, lakini umeandika "kwa sababu inayojulikana", kwa hiyo acha nikwambie sababu, na ibaki kwako.

Mtoto alizaliwa Julai kabla ya wakati wake, hapo kwenye kituo cha afya. Mvulana. Mdogo sana, lakini analia kwa sauti ya mtu mwenye madai yake. Wakamweka chini ya ile taa ya kumpa joto na mashine ya kumsaidia kupumua. Mchana umeme ukakatika. Jenereta ikawaka kidogo, ikazima. Muuguzi, msichana mwema yule, alihangaika mpaka jasho linamtoka. Alimfunga mtoto kifuani kwa mama yake, akamfunika, akamsugua miguu. Jioni akafariki. Umeme ulirudi sisi tunamfunga kwenye kitenge.

Kwetu mtoto anayefariki kabla ya kutolewa nje na kupewa jina hakaliwi matanga. Majirani hawaji, jembe haliwekwi chini. Wanawake wanamzika nyuma ya migomba na asubuhi kila mtu anakwenda shambani, na mama yake anaambiwa asilie. Ndivyo tulivyokuta, na sikuwahi kubishana nalo. Ila mimi mwaka wa tisini na nne nilikuwa kijana, nikapata kibarua kambini Benaco, kuchimba makaburi. Tulizika watoto ambao hakuna aliyebaki wa kutuambia wanaitwa nani. Unafukia, unasogea, unachimba jingine. Nilikuwa najiambia, hawa wamekimbia vita, hawana namna, lakini wa nyumbani kwangu hatazikwa hivi. Na wa nyumbani kwangu akazikwa hivi hivi.

Asubuhi yake Clotilda akachukua jembe. Esperansia, na maziwa yamejaa kifuani, akachukua ufagio akafagia uwanja. Mimi nikapanda kilimani. Nikakuta vikombe vyenu vinazunguka, vinazunguka, kana kwamba hakuna kilichotokea duniani. Roho iliniuma, binti yangu, siwezi kukueleza. Nikaulaza mlingoti kama mlivyonifundisha wakati wa kuusafisha, nikavifunga vikombe kwa kipande kilichobaki cha kitenge kile, nikausimamisha tena. Msibani kazi husimama. Nikasema basi isimame hata hii moja. Kila siku nilipanda nikakaa chini yake. Siku ambayo tungekuwa tumeondoa matanga, nikavifungua.

Kwa kuvifunga siombi radhi. Kwa kukudanganya naomba. Nilidhani huzuni ile ni yangu peke yangu na haimgusi mtu. Sikujua kwamba nilichokifunga ni taa ya mtoto wa mtu mwingine, ambaye hajazaliwa bado. Tangu barua yako ya pili hilo linanitafuna.

Neno langu umelipata, saini ni hii hapa chini. Na mimi naomba lako. Siku yenyewe umeme ulipokatika, vikombe vilikuwa havijafungwa. Unayo siku hiyo kwenye kompyuta. Kama mitambo yenu ingekuwa imesimama hapa Ruyaga, upepo wa mchana ule ungetosha?

Usinionee huruma.

Privatus

*

Biharamulo
Septemba 26, 2024

Mzee wangu Privatus, shikamoo.

Nimechelewa kwa sababu niliandika barua mbili kabla ya hii. Moja ilisema sijui. Nyingine ilisema labda. Nimezichana zote mbili, maana uliniomba nisikuonee huruma, na mimi ndiye niliyekasirika ulipotaka kunikinga na ukweli.

Niliifungua siku ile. Upepo ulikuwa unatoka kusini mashariki tangu kabla ya adhuhuri, na haukukatika mpaka jua lilipozama. Nikachora laini yenu yote kwenye kompyuta, nikaweka mitambo ya upepo hapo kilimani kana kwamba ipo, halafu nikaikata laini pale pale ilipokatika kweli.

Ungetosha, Mzee. Ungetosha kwa wodi ya wazazi, kwa maabara, kwa jokofu la chanjo, na mwingine ungebaki. Hata utabiri wa siku iliyotangulia ungeuona. Wangejua mapema kwamba kesho, laini ikianguka, Ruyaga itawabeba.

Kama mtoto angeishi, kompyuta haijui na mimi sijui. Ninachokijua ni kwamba taa isingezimika.

Nimelia, nakiri. Danstan aliniuliza kuna nini, nikamwambia vumbi la faili.

Kwenye ripoti nitaandika "vifaa vilisimamishwa na mlinzi kwa sababu za kifamilia". Wala mtoto sitamtaja, ili nyumba yenu ikae salama na yale mnayoyaogopa.

Jovitha

*

Ruyaga
Oktoba 3, 2024

Dada Jovitha,

Ni Esperansia. Barua zako nimezisoma, na za baba nimezisoma kabla hajazipeleka kwenye basi, kwa sababu anazifunga kwa gundi ya ugali na haishiki. Wananikinga na jambo ambalo mimi ndiye niliyelibeba. Nawapenda kwa hilo, ila nimechoka kukingwa.

Nikuambie kitu ambacho baba hakijui. Ukisimama uwanjani kwetu unaiona ncha ya mlingoti, na jua likipiga vile vikombe vinameta vikizunguka. Siku zile nilikuwa nafagia nikainua macho, nikaona havimeti. Kesho yake vilevile, keshokutwa vilevile. Sikumuuliza mtu. Nilijua tu kwamba kuna aliyesimama kwa ajili ya mwanangu. Nilidhani ni Mungu. Nilipokuja kusoma kwamba ni baba, na ni kitenge changu, niliketi chini nikacheka na kulia pamoja.

Usiandike sababu za kifamilia. Sababu za kifamilia ni za mtu aliyechelewa kazini. Mwanangu nilimpa jina siku ile ile akiwa kifuani, wakati muuguzi anamsugua miguu. Nilimnong'oneza sikioni, hakuna aliyesikia. Anaitwa Ishimwe. Baba yake, Habimana, yuko safarini na lori, nilikwenda kwenye lile jiwe la bondeni nikampigia nikamwambia. Aliegesha lori pembeni kwanza. Halafu akalitamka.

Liandike jina. Na tumbo ni langu, mwambie mama nitalijibia mwenyewe.

Esperansia, mama Ishimwe

*

Biharamulo
Oktoba 21, 2024

Mzee Privatus, Mama Clotilda, shikamooni. Mama Ishimwe, habari za huko?

Kikao kimekwisha na Ruyaga imebaki.

Danstan ndiye aliyesoma ripoti mbele ya wajumbe. Alipofika kwenye siku zilizoondolewa akasoma kama nilivyoandika: "Siku hizi vikombe vilifungwa na mlinzi wa mlingoti, Bwana Privatus, kwa msiba wa mjukuu wake Ishimwe. Upepo ulikuwepo." Akanitazama juu ya miwani, akaniuliza kama maneno hayo yanahitajika. Nikasema yanahitajika, bila hayo siku zile hazielezeki. Mjumbe mmoja, mama wa makamo, akasema mwacheni mtoto alipo, endeleeni. Wakaendelea.

Sitaki kuwadanganya kwamba mitambo inakuja kesho. Kuna vikao vingine na vibali vingine, mnaijua serikali. Lakini kwenye mchoro wa laini, kule mwisho kabisa, Ruyaga imewekwa, na utabiri wake unasimama. Nawatumia nakala ya ukurasa ule.

Jovitha

*

Ruyaga
Novemba 9, 2024

Binti yangu Jovitha,

Ukurasa umefika. Niliusoma hapa uwanjani kwa sauti, nikitaka Esperansia asikie. Sikuona kwamba Sostenes, mwenyekiti wetu wa kitongoji, amesimama kwenye kichochoro, amekuja kuuliza habari ya ng'ombe wake aliyekula mihogo ya watu. Akavua kofia. Akasema, Privatus, ulifiwa na mjukuu, ana jina lake, na mimi jirani yako hukuniambia?

Nikampa kiti. Nikamwambia, sasa nimekuambia.

Kesho yake walianza kuja. Huyu na kuni, yule na mkungu wa ndizi, mwingine na maharage. Wanawake wakatandika mikeka. Wazee wawili walinung'unika kwamba desturi hairuhusu, Clotilda akawawekea ukurasa wako mbele ya macho. "Jina hili hapa, limeandikwa huko Biharamulo na watu wa kompyuta. Sasa mnataka kumnyima nini tena?" Wakatafuta pa kukaa. Habimana alishuka kwenye lori lake Rusumo akaja kwa pikipiki, vumbi tupu mpaka nyusi. Na Esperansia akalia, Jovitha. Alilia mbele za watu mpaka sauti ikakauka, na hakuna aliyemwambia nyamaza.

Majembe yaliwekwa chini, kitongoji kizima, na mvua za kupanda zimeshaanza.

Kadi ya mwezi huu ipo ndani ya bahasha hii. Vikombe sikuvigusa. Utakapozifungua siku zile utaona upepo tu, mwingi, hauna pengo hata la dakika. Uhesabu wote, ni mzuri, mpe mtoto anayefuata. Lakini wewe ujue kwamba hapo tulikuwa tumekaa matanga.

Babu yake Ishimwe,
Privatus